Dola ya Kutilia Wanja

Juzi mjukuu wangu mmoja, jina simtaji kwa kuwa Ijumaa atakuwa hapa na nyie mtamcheka, alinijia kutoka Mabela, hapa hapa Maskati, na dola ya fedha ya Kimarekani aliyoinunua kwa simu. Ya zamani kweli, ya enzi za mababu wa mababu zetu. Akanitia kiganjani kama mtu anayekupa kokwa ya tende. "Bibi, itazame inavyong'ara." Nikamuuliza kaifanyaje hata ikang'ara hivyo. Ati kaisugua kwa dawa ya meno.

Sikumgombeza. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikamwambia maneno niliyoambiwa mie na tajiri wangu, Seti Haridas, siku zile za mwanzo nilipokuwa mjinga kuliko yeye: "Hii imeoga, Bi Rayya. Pesa ikishaoga haina tena la kusema." Basi akataka kujua Haridas ni nani, na pesa husema nini, na bibi yake aliyajulia wapi mambo ya dola za Marekani na hali Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Wenziwe nao wakasogea na vikombe vyao vya chai. Nikaona bora niyaseme kwa wote, na nyie msiokuwapo siku ile, maana nikifa mtazisugua dola za watu mpaka ziishe.

Nimefika Maskati mwaka wa sitini na nne, tulipotoka Unguja, mie na marehemu mume wangu na mabunda ya nguo. Nyie mnaoshuka kutoka Al Amerat na gari zenye baridi ndani, Maskati ile hamwezi kuijua. Njia za mawe, maji ya kuteka, na lango la mji likishafungwa, lililo nje limekaa nje. Kiarabu changu kilikuwa cha kusalia tu, nikisema sokoni watu wakicheka. Lakini nilikuwa na miguu na mdomo, na Matrah, bandari ya jirani yenye soko, palikuwa na kazi inayotaka vitu hivyo viwili.

Kazi yenyewe ni hii. Mali ya mwanamke siku zile ilikuwa fedha: vikuku, mikufu, mitali ya miguuni, pete mpaka za vidole vya miguu. Na mwanamume wa nje hawezi kuingia ndani kuzitazama. Kwa hivyo mfanyabiashara wa fedha lazima awe na mwanamke wa kumtuma majumbani, wakimwita dallala. Unapiga hodi, unakaribishwa kahawa, unauliza khabari za watoto wote hadi wa jirani, ndipo mandusi, lile sanduku la mali, linafunguliwa. Kuna anayeuza, kuna anayebadilisha, kuna anayetaka umpelekee kwa sonara zikayeyushwe zifanywe upya. Ukiharakisha kabla ya kahawa hupati kitu.

Haridas, Seti kwa heshima kama walivyoitwa matajiri wa Kihindi, alikuwa Banyani mwembamba, shuka yake nyeupe pepepe, kofia nyeusi, na duka lake halikuzidi upana wa kitanda. Ujana wake aliumaliza Unguja. Alinichukua kazini kwa sababu moja tu, nayo ni kuwa alikuwa na hamu ya kusema Kiswahili. Asubuhi nikifika ananiuliza, "Umeamkaje, bibi wee?" kama tuko sokoni Darajani kule Unguja, na nusu ya siku inakwenda katika kukumbuka urojo na mabungo. Biashara yake ilikuwa fedha kwa mizani. Maradhi yake yalikuwa dola za Marekani.

Na si dola yoyote. Sikilizeni hapa, nyie wanunuzi wa simu. Si kila pesa ilipigwa ili watu wainunulie ndizi. Wamarekani zamani wakipiga chache kwa makini, kwa muhuri uliosuguliwa mpaka ukawa kama maji yaliyotulia, na kila moja wakiigonga zaidi ya mara moja, ziwe za kutazamwa na kutunzwa tu. Uwanja wake, ile sehemu bapa, unaakisi, na ile sura iliyoinuka inakuwa na ukungu mweupe. Haridas akiziita dola za tunu.

Baba yake, alipokuwa karani wa wafanyabiashara wa Kimarekani kule Unguja, wale wa biashara ya vitambaa vya merikani na pembe za ndovu, alipewa na mmoja wao aliyekuwa akirudi kwao seti nzima ya pesa za tunu za mwaka mmoja, kuanzia kijipesa kidogo kama ukucha hadi dola yenyewe. Njaa ilipoingia nyumbani, dola ikauzwa. Ndogo zikabaki. Haridas alizirithi zikiwa kwenye ubao wake wa mahameli nyekundu, kila moja na shimo lake, na lile shimo kubwa liko tupu. Ubao ule aliuweka chini ya mizani, akiufungua akiwa peke yake au akiwa na mie. Alikuwa mzee tayari, na alichokitaka duniani ni kulijaza shimo lile kabla hajafa akachomwa, kwa mila yao.

Mie ndiye aliyenitwika kazi ya kutafuta. Mwanzo nilimtesa. Nilimletea dola moja inang'ara mpaka unafumba macho, nimeitoa kwa bibi mmoja wa mtaa wa nyuma, nikaja mbio nikidhani kazi imekwisha. Ndiyo hiyo akaniambia imeoga. Yule bibi alikuwa kaisugua kwa ndimu na majivu kwa heshima yangu mgeni. Haridas akanionyesha michirizi yake, imejaa uso mzima kama njia za kuku. Akanifundisha: usitazame mng'aro, tazama kope. Isogeze jichoni kando ya dirisha. Ukiona ukungu tu, ni dola ya kawaida iliyotunzwa. Ukiona kope zako moja moja, nyamaza kimya, usimwambie mwenyewe, njoo uniite. Na ishike kwa ukingo, kama unavyoshika kikombe cha moto kisicho na mkono. Kidole chako kikigusa uso wake tu, alama ile itakuzika wewe na itawazika wajukuu zako.

Mtihani wa pili ulikuwa maneno. Khabari zikienea sokoni kuwa Banyani anatafuta dola za Marekani, basi tena. Ilikuwa inasimuliwa kuwa hapo kale Wamarekani walimletea mtawala wa Maskati zawadi ya pesa za namna hii. Kila nyumba niliyoingia ikawa inayo ileile ya zawadi. Nimeletewa qirshi, zile fedha zetu za kawaida za sokoni zenye sura ya yule bibi mnene wa Kizungu, wakaapa ni mke wa Mmarekani. Nimeletewa kifungo cha koti la baharia. Kuna mzee alinitolea kitu kimefungwa katika vitambaa tabaka kwa tabaka, nikawa nnafungua na moyo unanidunda, ndani nikakuta kifuniko cha chupa kilichobondwa. Nikimsimulia Haridas, anacheka mpaka kofia inamwanguka. Zawadi ile ingekuwa nyingi kama walivyodai, meli ya Mmarekani ingezama kwa uzito kabla ya kufika nusu ya njia.

Hata zilizokuwa kweli za tunu zilikuwa na msiba wao. Watu wa hapa wakiipenda pesa hawaihifadhi, wanaivaa. Wanatoboa au wanaiunga kishikio kwa risasi, inaning'inia kifuani, inasuguana na shanga miaka yote. Nimezikuta kama hizo, zimekuwa laini kama sabuni iliyokwisha, na kando tu ya mbawa za yule tai wa upande wa nyuma umebaki uwanja kidogo unaoakisi, wa kukuonyesha kilichopotea. Haridas akizishika hizo, anasikitika kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto wa mwenziwe aliyekufa.

Sasa nije kwa Zuwena.

Zuwena alikuwa msichana wa nyumba moja karibu na bandari, na mamake alikuwa kafa yeye angali mdogo. Alilelewa na shangazi yake, Bi Thuraya, mwanamke mrefu, mkali, sauti yake ikitangulia mlangoni. Zuwena kaposwa, harusi imekaribia, yuko ndani hatoki. Nikaitwa kuchukua fedha za marehemu mamake nizipeleke kwa sonara.

Na hii ni mila ya huku, sie wa Unguja hatukuwa nayo. Kwetu binti huvaa dhahabu ya mamake na watu wakasema mashaallah. Huku, fedha aliyoivaa marehemu haivaliwi na bibi harusi kama ilivyo. Lazima ipite motoni, iyeyuke, ifanywe pambo jipya. Wengine wakisema ni kwa ajili ya fasheni, lakini Bi Thuraya hakuwa mtu wa fasheni. Yeye aliamini kabisa kuwa msichana akiingia kwa mume na fedha ya maiti, maiti atamwita. Alishamzika wifi yake, mama yake Zuwena, aliyempenda kuliko ndugu wa tumbo moja. Hakutaka kumzika na mtoto.

Basi tukakaa, tukapanga vitu juu ya mkeka: mitali, mikufu, kibweta cha wanja. Zuwena alikuwa pembeni, kimya, anajibu akiulizwa. Bi Thuraya akakimimina kibweta, ikatoka dola imefungwa kitambaa cha hariri. Nikaishika kwa ukingo. Nikaisogeza dirishani. Wanangu, niliziona kope zangu moja moja, na kijinyweleo kile cha kwenye kigubiko cha jicho ambacho nilikuwa sijui kama ninacho. Yule bibi wa Kimarekani aliyechorwa usoni mwa dola kakaa juu ya mwamba wake, mweupe kwa ukungu. Hakuna tundu, hakuna kishikio, hakuna alama ya kidole. Nikautazama mwaka, ukawa ndio mwaka wa ubao wa Haridas.

Kama ndiyo ileile iliyouzwa na baba yake, Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi. Babu yake Zuwena alikuwa akifanya biashara Unguja. Zaidi ya hapo hakuna ajuaye.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja, imekaaje safi namna hii. Zuwena akainua uso kwa mara ya kwanza. Mamake akiitumia kutilia wanja, akasema. Kila asubuhi. Na akimkataza mtu kuigusa uso, maana ukiigusa inafanya doa na huoni kitu. Akaichukua mkononi mwangu kunionyesha, na jinsi alivyoishika, kidole gumba huku na cha kati kule, nilidhani namwona Haridas kavaa buibui.

Bi Thuraya akatoka kidogo kuitazama kahawa. Zuwena hakuniangalia mie, alikuwa anaiangalia dola.

"Bi Rayya, ni ndogo hii. Linaenea jicho moja tu. Na jicho langu ni la mama."

Shangazi yake akarudi, akatoa hukumu akiwa bado amesimama: vyote motoni. Na hiyo dola, kwa kuwa sonara huenda asiijue fedha ya kigeni, apewe Banyani, naye atoe qirshi za uzito wake, hizo ndizo ziyeyushwe. Na yeye Bi Thuraya ataongozana nami dukani kuhakikisha. Zuwena akaifunga katika hariri yake, akanipa. Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia.

Njia nzima moyo wangu ulikuwa pande mbili, nakwambieni kweli. Upande mmoja nilitaka kukimbia nikamwambie Haridas shimo lake limejaa. Upande wa pili nilikuwa nnamwona yule mtoto. Na sheria ya kwanza ya dallala aliyonifunza Haridas mwenyewe ni kuwa unabeba vitu, hubebi maneno. Lililosemwa ndani linabaki ndani, ama si hivyo hakuna nyumba itakayokufungulia tena.

Tukafika. Bi Thuraya akakaa kwenye kiti cha wateja, ushungi umefika kwenye nyusi, nami nikaitoa dola. Haridas aliifungua hariri kwa ncha za vidole. Akaisogeza kwenye mwanga. Kisha akaushika ubao chini ya mizani, akaufungua mbele ya mgeni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akaitua dola katika shimo lake. Ikakaa sawasawa. Pesa zote zikawa zimekamilika, ndogo mpaka kubwa. Mzee wa watu alikuwa na furaha mpaka nikaona haya kumtazama.

Bi Thuraya akamwambia haya, apime, atoe qirshi, yeye ana harusi ya kushughulikia.

Haridas akaniuliza mie, bila kuniangalia, "Imekaa kwa nani hii, hata haikuguswa?"

Hapo ndipo nilipoivunja sheria. Nikamwambia yote mbele ya Bi Thuraya: wanja wa asubuhi, doa, kidole gumba na cha kati. Kisha nikamwambia na lile la jicho moja, neno kwa neno, kama nilivyolisikia. Bi Thuraya alinigeukia kwa macho ambayo, laiti angekuwa na kisu, msingenijua leo. Nadhani hakuwa amelisikia neno lile kabla. Mtoto hakuwa amemwambia.

Haridas akamuuliza Bi Thuraya, kwa Kiarabu na kwa adabu, kama marehemu aliwahi kuivaa. Akajibiwa hapana. Akauliza kama mila inataka kuyeyusha alichokivaa maiti tu, au na sufuria zake, na kioo chake.

Bi Thuraya akasema sufuria zinapikiwa, kioo kinabaki kwa wanawe. Kinachokwenda motoni ni pambo.

"Basi hiki si pambo, bibi," Haridas akasema. "Hiki ni kioo cha mama yake."

Akaitoa katika shimo, kwa ukingo, akaifunga hariri, akampa mkononi mwake mwenyewe. Bi Thuraya aliishika kwa muda mrefu. Kisha akaifungua kidogo, akajitazama, mwanamke yule mkali, akalitazama jicho lake na machozi yake ndani. Ndipo nikajua kuwa ukali wote ule ulikuwa khofu. Akainuka, akasema kuwa mitali na mikufu itaingia motoni kama kawaida asitokee mtu kumwambia vingine, akatoka. Haridas akaufunga ubao, akaniomba kahawa, na siku ile hatukusema Kiswahili wala lugha nyingine.

Nilidhani ndio mwisho. Kumbe Zuwena alikuwa na akili zake. Iddi ya kwanza baada ya harusi alinitumia mtu, niende kwake. Nikamkuta kanenepa kidogo, anacheka, wanja umemkaa vizuri. Akanipa kifurushi cha hariri na sahani ya halwa. Akasema, mpelekee Seti, aitazame mpaka kahawa yake iishe, halafu nirudishie. Seti hawezi kuja kwangu, akasema Zuwena, na mie siwezi kwenda kwake, lakini dola inaweza kumwamkia.

Basi ikawa hivyo. Kila Iddi dola ilikwenda dukani kuamkia. Haridas, Banyani asiyefunga wala kuswali na sisi, akawa anaingojea Iddi kuliko watoto wa mtaa. Kahawa ile aliinywa polepole mpaka ikawa baridi, huku dola imekaa katika shimo lake. Akimaliza anaitoa, anaifunga, ananipa, na mie nairudisha. Hajawahi hata mara moja kuniomba niicheleweshe.

Iddi ya mwisho ilikuwa mwaka wa sabini, dunia yetu ilipoanza kubadilika, barabara zinapimwa, watu wanazungumza umeme, na jamaa zetu kutoka Unguja wanaingia kwa wingi. Haridas alikuwa keshashikwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na mwanawe alikuwa anamchukua kwenda Bara Hindi. Duka nusu lilikuwa tupu. Nilisita kumpelekea, nikajiambia nitamtia uchungu bure. Zuwena akasema mpelekee, Iddi ni Iddi.

Nikamwekea mkononi. Aliifungua hariri kwa kupapasa. Akaishika kwa ukingo, kidole gumba huku na cha kati kule, akaielekeza dirishani kama kawaida yake, na haoni kitu. Ubao ulikuwa wazi mbele yake, lakini hakuutafuta. Kahawa alikunywa yote ikiwa bado ya moto.

"Bado safi?" akaniuliza.

Nikaisogeza jichoni mwangu ikiwa mkononi mwake humohumo, nikaziona kope zangu zimelowa.

"Safi, Seti. Kama siku ile."

"Basi irudishe," akasema. "Mwenyewe hajatia wanja."